Karamu ya Nyumbani na Namna Yake

Ninyi wanafunzi mnaowasomea wazee wenu kitabu hiki kwa sauti, leo nataka kuzungumza nanyi habari za karamu. Sisemi karamu za arusi wala za jando, maana hizo zina desturi zake na wazee wake wa kuzisimamia. Nasema ile karamu ndogo ya nyumbani, ambayo mtu huwaalika rafiki zake kwa furaha tu, tena huipa namna yake moja. Mwenye nyumba huchagua jambo, labda rangi fulani, au chakula cha nchi fulani, au kitenge cha namna moja, kisha mavazi, mapambo na vyakula vyote hufuata jambo lile. Karamu za namna hii zimependwa sana siku hizi hapa kwetu Rusimbi, na katika mji wote wa Kigoma na Ujiji. Vijana huzipenda kwa sababu ya picha, na watu wazima huzipenda ijapokuwa hawakiri.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni mageni, yameletwa na simu. Si kweli. Watu wa pwani walijua zamani sana uzuri wa watu wengi kuvaa vazi moja. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya Lamu na Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikaenea bara, hasa wakati wa vita vya 1914 hata 1918 na baada yake; na katika Tanganyika vyama vyake viwili vilivyojulikana sana, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare na vyeo na mwendo wa kiaskari. Wanawake nao walikuwa na vyama vya lelemama, na huko Mombasa vyama hivyo vilishindana kwa mavazi na kwa vyakula hata mali nyingi ikatumika. Basi neno hili sare tulilirithi, na pamoja nalo tulirithi furaha yake na hasara yake.

Hasara yake naijua, kwa maana nilipata kuifanya mimi mwenyewe. Mwaka ule tulialika watu ishirini, nasi tukatoa amri kwamba kila mmoja aje na kitenge cha buluu chenye maua, namna moja, kipatikanacho katika duka moja la Mwanga. Jioni ile ua wetu ulipendeza kweli kweli. Kila mtu alikuwa buluu, hata mto wa kiti ulikuwa buluu. Lakini jirani yetu mmoja, mke wa mvuvi, hakuja. Alileta mtoto wake na bakuli ya maharagwe iliyofunikwa vizuri, akasema mama anaumwa kichwa. Asubuhi yake nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta anafua nguo, hana ugonjwa wo wote. Nikamwuliza, "Dada, mbona jana hukuja?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, ningekuja na nini mwilini? Ziwa halikutoa kitu mwezi mzima. Kitenge chenu sikukiweza." Nikaona haya. Mtu aliyetupikia maharagwe ndiye tuliyemfungia mlango, na tena tulimfungia kwa kitambaa.

Tangu siku ile nimefikiri sana jinsi karamu iwezavyo kuwa na namna yake bila ya kumtoza mgeni. Nami nimepata msaada katika mambo mawili yaliyotokea Ujiji zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Kila mwanafunzi amesikia jinsi Bwana Stanley alivyomkuta Daktari Livingstone pale Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Mahali pale pana jiwe la ukumbusho na nyumba ya makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kupaona. Lakini watu hukumbuka maneno waliyoamkiana, wakasahau kwamba siku ile palikuwa na karamu, tena karamu ya nyumbani.

Fikirini hali ya mwenye nyumba. Daktari alikuwa mgonjwa na amechoka. Bidhaa zake alizotazamia kuzikuta Ujiji zilikuwa zimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Hakuwa na kiti cha kumpa mgeni. Walikaa katika baraza ya udongo, chini ya upenu wa nyumba, juu ya mkeka wenye ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine ilipigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wenye baridi. Mgeni, kwa upande wake, alikuwa amejitengeneza: suti mpya, viatu vimepakwa mafuta, kofia imepakwa chaki. Tena alikuwa na chupa ya mvinyo wa Champagne aliyoichukua njia yote kutoka pwani, na vikombe vya fedha vya kuunywea.

Basi chakula kilitoka wapi? Kilitoka kwa majirani. Stanley ameandika majina yao katika kitabu chake. Sayyid bin Majid alipeleka andazi za nyama iliyosagwa, zikiwa bado moto. Mohamed bin Sali alipeleka mchuzi wa kuku. Mwinyi Kheri alipeleka nyama ya mbuzi na wali. Sahani moja ikiondoka nyingine inafika. Na yule mgonjwa, ambaye kwa siku nyingi tumbo lake lilikataa kila kitu ila chai, alikula siku ile kama mtu mwenye nguvu. Kila jirani alipika kile alichokizoea, katika chungu chake mwenyewe, ndiyo maana hakuna kilichoharibika.

Sasa tazameni karamu ya pili. Ilipofika Krismasi ya mwaka ule ule, mabwana wale wawili waliazimu kuila sikukuu kama ilivyoliwa kwao Uingereza. Hii ndiyo karamu yenye namna yake hasa, kama zile tuzifanyazo sisi. Soko la Ujiji halikuwanyima kitu: walipata kondoo wenye mikia minene, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu, viazi vitamu na vitu vingine. Stanley, ambaye homa ilikuwa imemwacha usiku uliotangulia, aliamka dhaifu, akaanza kumfundisha mpishi wake, Feraji, siri za mapishi ya Kizungu asubuhi ile ile. Matokeo yake mwayakisia. Nyama ya kuoka iliharibika. Kastadi, yaani maziwa na mayai yapikwayo pamoja hata yakashikana, iliungua. Karamu ilivunjika, na Stanley mwenyewe ameandika kwamba lililomwokoa mpishi na kipigo ni kuwa bwana wake hakuwa na nguvu za kuinua mkono.

Mimi namtetea Feraji. Kastadi ni chakula cha hila. Hata leo, katika jiko lenye moto wa kupunguzwa na kuzidishwa kwa kidole, huungua mara moja ukigeuza uso. Yule mtu alipewa moto wa kuni, somo la asubuhi moja, na mwalimu mgonjwa. Kosa lilikuwa la yule aliyechagua karamu ambayo nyumba yake haikuijua. Nami nimeona makosa hayo hayo hapa Rusimbi, mtu akitaka kupika vyakula vya Kitaliano alivyoviona katika picha, na wageni wakakaa hata saa nne ya usiku wakingoja.

Basi mwaka uliofuata tulipotaka kualika tena, mke wangu alisema, "Tuchague jambo tulilo nalo." Tukachagua ziwa, na mbalamwezi. Nitawaeleza tulivyofanya, maana hesabu yake ni nyepesi.

Kwanza tulitazama mwezi wenyewe. Wavuvi wa dagaa huvua katika giza, kwa taa. Zamani walitumia karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa jua au wa betri. Samaki hukusanyika penye mwanga. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, naye hupumzika. Kwa hiyo mwenye kualika usiku wa mwezi mpevu hupata faida mbili: mwezi huchomoza karibu na machweo ya jua, haumdai mafuta wala umeme, tena rafiki zake wavuvi wako nyumbani. Liko na tatizo lake, nalo ni kwamba dagaa wabichi ni haba siku zile. Dawa yake ni kununua dagaa na migebuka waliokaushwa wiki mbili kabla, wakati wa giza, bei ikiwa nafuu. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa na kukua, na asiyekuwa na akiba ya samaki wakavu alijuta. Ni vema kuuliza mapema kama kuna amri ya namna hiyo, kwa kuwa kiangazi, ambacho mvua haivunji karamu ya uani, huangukia miezi ile ile. Angalieni pia upepo wa kusi. Majamvi yawekwe upande wa nyumba uliokingwa, ama sivyo wali utakuwa na mchanga.

Mapambo hatukununua. Tuliazima wavu mkuukuu, tukautundika toka mwembe hata pembe ya nyumba, na makasia mawili tukayasimamisha mlangoni. (Wavu uoshwe kwa sabuni na uanikwe siku tatu. Siku mbili hazitoshi, wageni watadhani mmewaalika mwaloni.) Karabai moja ya zamani, iliyokuwa ya baba yangu, tuliiweka katikati, haikuwashwa, bali watoto waliizunguka wakiuliza jinsi ilivyofanya kazi, na mvuvi mmoja mzee akawaeleza hata wakasahau kula.

Vyakula vilikuwa vile ambavyo kila jiko hapa Kigoma huvijua: migebuka mikavu katika mawese, dagaa wa kukaanga, ugali wa muhogo, maharagwe, na ndizi mbivu. Tena hapa tulifuata desturi ya wale majirani wa Ujiji. Hatukumwambia mtu alete nini. Tulisema tu kwamba chungu cha ugali na cha samaki ni juu yetu, na mwenye kupenda kuongeza sahani ya ziwa, kubwa au ndogo, atafurahiwa. Sahani zilikuja kumi na moja. Zote zilikusanywa jikoni, zikapakuliwa katika masinia yetu, hata hakuna aliyejua iliyo kubwa ni ya nani na iliyo ndogo ni ya nani. Jambo hili nawasihi msiliache. Chakula kikiwekwa mbele ya watu pamoja na jina la aliyekileta, mashindano yameanza.

Sasa sare. Hapa ndipo nilipokuwa na hofu, maana vijana wetu walisema karamu bila ya sare si karamu. Wanafunzi, chukueni kalamu. Kitenge kizima ni yadi 6. Kila yadi ni inchi 36. Basi urefu wake ni inchi 216. Ukikikata kwa upana, vipande vya inchi 9 kila kimoja, utapata vipande 24. Kila kipande kina urefu sawa na upana wa kitambaa, wa kutosha mwanamke kujifunga kichwani na mwanamume kujifunga shingoni au mkononi. Tulinunua kitenge kimoja cha rangi ya kijani chenye picha za samaki, mke wangu akapinda ncha kwa cherehani, nasi tukampa kila mgeni kipande chake alipobisha hodi. Kila mtu alikuja na nguo yake ya kawaida, safi, na kwa dakika moja wote wakawa wa chama kimoja. Gharama yote ya sare ilikuwa kitenge kimoja, nayo ikatoka kwa mwenye nyumba, mahali inapopasa kutoka. Kijana mmoja alinung'unika kwamba si sare kamili. Nikamwambia akinunua yeye vitenge ishirini, tutavivaa.

Mwaliko ulipelekwa siku kumi kabla, kwa mdomo kwa majirani na kwa simu kwa walio mbali, tukataja saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Saa ya kumaliza watu wengi huona haya kuitaja. Itajeni. Jirani asiyealikwa ana kazi asubuhi, na muziki upitao saa nne humfanya achukie furaha yenu. Sisi tulikuwa na ngoma moja na mwimbaji mmoja, tukaridhika.

Jirani yetu mke wa mvuvi alikuwa wa kwanza kufika, jua halijatua, pamoja na mumewe. Alichukua kile kipande cha kijani, akakitazama mbele na nyuma, akajifunga kilemba ambacho wengine wote walikiiga usiku ule, kwa maana ndiye pekee aliyejua kukifunga kisianguke. Akaingia jikoni bila ya kuulizwa, akaonja mchuzi, akasema chumvi haijatosha.

Kesho yake mapema tulirudisha zile sahani kumi na moja. Zilioshwa, na katika kila moja tulitia ndizi mbili na mgebuka mmoja, maana samaki walikuwa wamebaki.