Binti Anataka Kujifunza Judo: Tuulize Nini Mbele ya Kutoa Pesa?

Mkutano wetu wa Jumamosi ulikuwa wa kuhesabu pesa za likelemba, lakini hatukuzigusa mpaka saa kumi. Mama mmoja wa Kadutu alisimama akasema binti yake wa miaka 11 anataka kujifunza karate, au judo, mama mwenyewe hajui tofauti yake, na baba ya mtoto amekataa kabisa. Wengine wakasema baba ana haki: msichana akijua kupigana, nani atamwoa? Wengine wakauliza: huyo mtoto akitoka shule anapita wapi, na nani anamsindikiza? Kelele ikawa nyingi. Mwishoni tukapatana kwamba wanne kati yetu tuzunguke mjini, tuone klabu kwa macho yetu, kisha tuandike hapa.

Tuanze na ile tofauti, maana hata sisi ilitusumbua. Katika karate mtoto anajifunza ngumi, mateke na kujikinga. Ilitoka kisiwa cha Okinawa, huko Japani. Taekwondo ni ya Korea, na mateke ndiyo mengi. Katika judo hakuna ngumi wala teke. Mtoto anashika nguo ya mwenzake, anamwangusha, anamkandamiza chini. Aliyeianzisha ni mwalimu wa shule, Jigoro Kano, mwaka 1882 mjini Tokyo, na jina lenyewe maana yake ni njia ya upole. Baba aliyekataa hakuamini jambo hilo la mwisho. Tunamwelewa, hata sisi tulicheka.

Kwa watoto wadogo sisi tumependelea judo, na sababu yetu ni ya nyumbani tu: somo la kwanza ni kuanguka. Mtoto anachuchumaa, anaweka kidevu kifuani, anajiviringisha nyuma na kupiga mkeka kwa mkono ili kichwa kisiguse chini. Anarudia hivyo siku nyingi kabla ya kumwangusha mtu. Yeyote anayejua njia za Kadutu wakati wa mvua anaelewa faida yake. Kuhusu kujilinda, tusidanganyane. Mwalimu mmoja mzee alituambia kwamba yeye mwenyewe akikutana na mwenye bunduki, anatoa simu na pesa. Msichana anachopata ni kujua afanye nini mtu akimkamata mkono au nguo, na sauti ya kusema hapana bila kutetemeka. Hiyo si kidogo.

Wengi wenu mnawakumbuka Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Bukavu hapa. Vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa wadogo, wakapelekwa Kinshasa, na katika kituo cha watoto wakajifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakaacha timu na kuomba ukimbizi Brazili. Walieleza baadaye kwamba walipokuwa wakishindwa walifungiwa na kunyimwa chakula. Mwaka 2016 wakacheza katika Michezo ya Olimpiki hukohuko Rio, ndani ya timu ya kwanza ya wakimbizi, watu 10, na Popole akashinda pambano lake la kwanza. Sisi tulipiga vigelegele kama wamama wote wa mji huu. Lakini tukisoma habari hiyo tena leo, tunaona neno lingine: judo ileile iliyowapa watoto wale maisha, mikononi mwa watu wabaya iliwatesa. Basi swali la karate au judo ni dogo. Swali kubwa ni nani anafundisha.

Tulitembelea klabu tatu. Ya kwanza mwalimu alisema wazazi hawaruhusiwi kuingia, eti watoto wanakosa heshima mama akiwapo. Hatukubishana naye, tuliondoka. Ya pili ilikuwa na furaha na kelele, lakini chini palikuwa simenti na turubai moja tu juu yake, na mtoto aliyeanza juma lilelile alikuwa tayari anatupwa na mkubwa wake. Japani, ambako judo ilizaliwa, zaidi ya watoto 100 walikufa katika judo ya shule ndani ya miaka karibu 30 tangu 1983, wengi kwa kuumia kichwa, na wengi wao walikuwa wapya. Hatulisemi hili ili kuwatisha. Tunalisema kwa sababu mkeka na uvumilivu vinasaidia kumlinda mtoto.

Ya tatu haina uzuri wa kuonyesha. Tatami ni za zamani, zimeshonwashonwa, na pembeni wameongeza magodoro. Lakini watoto walipangwa kwa uzito wao, wapya walikuwa wanaanguka tu, na dada mmoja mwenye mkaba wa kahawia alikuwa anawasaidia wasichana. Mwalimu alitupa benchi tukae. Tulimwuliza alifundishwa wapi, nani alimpa mkaba mweusi, na kama anajulikana na ligi. Alikwenda kuleta karatasi zake bila kukasirika. Mwalimu anayekasirika kwa maswali hayo, mwacheni.

Sasa tukiri makosa yetu. Miaka miwili iliyopita chama chetu kilinunua kimono sita kwa pesa ya kikundi, kwa watoto ambao hawakuwa wamejaribu hata siku moja. Baada ya mwezi walibaki wawili. Kimono moja leo ni pazia la jikoni, hatutasema kwa nani. Mtoto anaweza kujaribu majuma matatu akiwa na suruali ndefu na shati gumu. Mwalimu mzuri hakatai.

Kosa la pili halichekeshi. Kati ya wale walioacha alikuwa binti mmoja mkubwa kidogo, aliyekuwa anapenda sana. Siku moja akasema haendi tena. Hakueleza. Tulimwita mvivu, tukamkumbusha bei ya kimono, na jambo hilo likaendelea majuma matatu. Kumbe mwalimu alikuwa amemwambia abaki peke yake kwa somo la pekee baada ya wenzake kuondoka, na yeye akakimbia. Alikuwa amefanya vema kuliko sisi wote, na sisi tulimkaripia. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake. Tangu hapo tuna kanuni yetu: hakuna somo la mtoto mmoja na mwalimu mmoja mlango ukiwa umefungwa, daima yuko mzazi mmoja wa zamu anayekaa mpaka mtoto wa mwisho atoke, na mtoto akisema hataki, tunauliza kwa upole kabla ya kusema pesa.

Mambo madogo, haraka. Kucha zikatwe, hereni na shanga zivuliwe, nywele zifungwe bila chuma. Msichana anavaa fulana nyeupe ndani ya kimono, na siku za mwezi hazimzuii kama anajisikia vizuri. Mtoto mwenye SS, pumu au kifafa apite kwanza kwa muganga. Mtoto akigonga kichwa, mazoezi yameisha siku hiyo. Akitapika, akisinzia ovyo au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali mara moja, si kesho. Rangi za mkaba zinaanza na nyeupe, njano, rangi ya chungwa, kisha kijani, na haziji kwa kulipa. Mkimwona mtoto ana mkaba wa kijani baada ya miezi michache, ulizeni.

Yule baba wa Kadutu tulimwalika kwenye ile klabu ya tatu siku ya Jumatano. Alikuja, akasimama mlangoni mikono mfukoni, hakuketi kwenye benchi letu. Binti yake alianguka, akaamka, akaanguka, labda mara thelathini. Baba hakusema neno. Wakati wa kutoka alimwuliza mwalimu siku za mazoezi ni zipi, kisha akamwuliza kama hapo karibu kuna mahali baba anaweza kungojea.

Zimebaki kimono mbili za watoto wa miaka 10 hadi 12, zimefuliwa. Anayezihitaji amwone mtunza pesa wetu Jumamosi mbele ya likelemba, na safari hii tutahesabu mapema.