Bima ya maisha: fedha zipo, wa kulipwa hajulikani

Michango yote ya bima nchini Kenya ni sawa na kati ya asilimia 2 na 3 tu ya pato la taifa. Mawakala wa bima ya maisha hudai kwamba wateja hawana pesa, tena wanaogopa kuzungumzia kifo. Waliofiwa wana maelezo mengine.

Muuza mitumba mmoja wa Gikomba, Nairobi, anasema amezungushwa hadi amechoka. Mumewe alikuwa akilipia bima kwa simu kila mwezi. Alipofariki, kampuni ilidai cheti cha kifo, hati halisi ya bima, vitambulisho na fomu ya madai. Mjane akavikusanya vyote. Ndipo akaelezwa kuwa mnufaika aliyeandikwa ni mama mkwe wake, naye alikwisha kufariki; marehemu alijaza fomu kabla ya kuoa. Fedha zikageuka mali ya mirathi, mjane akaelekezwa kortini. Kinachomuuma ni kwamba ujumbe wa kumdai mumewe michango haukukosa hata mwezi mmoja, lakini hakuna aliyemkumbusha kubadilisha jina.

Kortini si safari ya wiki moja. Ombi la kusimamia mirathi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, wenye pingamizi hupewa siku 30, na kwa kawaida hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6. Karo ya watoto haingoji.

Afisa mmoja anayefuatilia sekta ya bima anajibu kwamba sheria inaitaka kampuni ilipe ndani ya siku 90 tangu dai liwasilishwe. Muda huo unaridhisha ukiusoma. Lakini familia isiyojua kabisa kwamba marehemu alikuwa na bima haitawasilisha dai lolote, na siku zake hazianzi kuhesabiwa. Kama malipo yangewafikia wote, pasingehitajika sheria ya mwaka 2011 ya mali za fedha zisizodaiwa, ambayo inagusa pia bima ya maisha.

Huenda kumbukumbu za vifo za kidijitali zikarahisisha mambo, iwapo kampuni zitazitumia kuwatafuta wanufaika na si kuhakiki madai pekee. Dalili za hilo bado ni chache.

Mwenye bima asisubiri. Aitoe hati yake, asome jina la mnufaika, alibadilishe ikibidi, kisha amwonyeshe mhusika mahali hati inapowekwa.