Wastaafu Mjini: Wiki Iliyopangwa Ndiyo Huzaa Safari

Mtu anapostaafu kazi, jambo la kwanza tunalomwuliza ni hili: "Sasa utarudi nyumbani lini?" Tunaposema nyumbani, tunamaanisha mashambani. Lakini wako wazee wengi wanaobaki Nairobi hata baada ya kufikisha miaka 60. Kliniki yao iko hapa, watoto wako hapa, pengine wana vyumba viwili vya kukodisha kule Kayole au Umoja. Hao ndio tunaotaka kuongea juu yao: mzee na mkewe, nyumba imebaki na watu wawili, na wiki ina siku saba zisizo na kengele ya kazi.

Katika kuwatembelea wazee wa namna hii tumeona mambo mawili. La kwanza, siku nyingi hupita bila mpango, na mahali pasipo na mpango huingia ugomvi na magonjwa. La pili, ukiwauliza ni lini walisafiri pamoja mara ya mwisho, wanatazamana kidogo, halafu mama anajibu, "Si ni ile matanga?" Yaani safari zao zote zimekuwa za mazishi, za mahari na za kupeleka mtoto shule. Safari ya wao wawili, ya kupumzika tu na kuona mahali, haijawahi kuwako.

Wengine husema hayo ni mambo ya wazungu na matajiri. Sisi hatukubali. Watu waliolea watoto miaka thelathini wakibanana wana haki ya kukaa chini siku nne wakitazama bahari. Shida ni kwamba safari kama hiyo haiji yenyewe. Pesa zake, afya yake na maelewano yake vyote hutoka katika wiki ya kawaida.

KIINUA MGONGO SI NAULI

Aliyestaafu serikalini chini ya mpango wa zamani wa pensheni huweza kuchukua robo ya pensheni yake kwa mkupuo, na zile robo tatu humjia mwezi kwa mwezi. Hiyo robo ndiyo huwasha watu kichwa. Siku pesa inapoingia benki, jamaa wote wanajua. Mmoja ana biashara ya boda boda, mwingine ana karo, na mzee mwenyewe anataka kuwapeleka watu wote Mombasa mara moja, ili waone kwamba hakufanya kazi bure. Baada ya mwaka mmoja pesa imekwisha, na pensheni ya mwezi haitoshi hata dawa.

Kwa hivyo tunashauri hivi: pesa ya mkupuo ni ya mambo ya kudumu, kama kumaliza deni, kutengeneza nyumba, au kuweka akiba ya ugonjwa. Safari ilipwe na pesa ndogo ndogo za kila wiki. Mkishindwa kuweka mia tano kwa wiki kwa ajili ya safari, basi safari hiyo ni kubwa kuliko ninyi. Chagueni iliyo ndogo.

WIKI MOJA, SIKU KWA SIKU

Tuchukue mfano wa mzee aliyekuwa karani na mkewe aliyekuwa akiuza nguo. Wiki yao inaweza kwenda hivi.

Jumatatu ni siku ya kazi za nje: benki, kliniki, kulipa stima na maji. Hapa mstaafu ana faida ambayo mfanyakazi hana. Saa kumi na mbili asubuhi matatu zinang'ang'aniwa na nauli iko juu. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana abiria ni wachache, na nauli mara nyingi hushuka. Mzee hana haja ya kusukumana na vijana. Aondoke saa nne, arudi kabla ya saa tisa, na kile kilichobaki mfukoni aanze nacho akiba.

Jumanne ni soko. Wakienda wote wawili, mmoja anabeba na mwingine anapatana bei. Viazi na vitunguu vya wiki nzima wakigawana na jirani watapata bei ya jumla.

Jumatano ni siku ya watu: chama cha akina mama, jumuiya, au kumtembelea mgonjwa. Alhamisi kila mmoja ana saa zake. Mzee anakwenda kucheza drafti na wenzake, mama anabaki na nyumba yake au anakwenda kwa dadake.

Ijumaa jioni ni hesabu. Wanakaa mezani na daftari, wanaandika kilichoingia na kilichotoka, na ile mia tano inawekwa kando. Jumamosi ina wajukuu na mikutano ya matanga, ambayo mjini haiishi. Jumapili ni kanisa na kupumzika.

Na kila siku, asubuhi jua likitoka, nusu saa ya kutembea kwa miguu. Hiyo msiiruke. Tutaona sababu yake.

HESABU YA MOMBASA

Tuseme mama anataka kuona bahari. Tangu Januari 2024 nauli ya reli mpya, daraja la kawaida, kutoka Nairobi hadi Mombasa ni Sh 1,500 kwa mtu mzima. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni Sh 6,000. (Ulizeni tena kabla ya kulipa, maana nauli hubadilika.) Mkianza kuweka Sh 500 kila Ijumaa mwanzoni mwa Februari, kufika mwisho wa Julai mna wiki 26, yaani Sh 13,000. Mkitoa nauli ya reli mnabaki na Sh 7,000 za malazi, chakula, matatu na kazawadi kadogo ka jirani.

Sh 7,000 si nyingi. Kwa hivyo pigeni simu mapema mjue mtalala wapi na kwa bei gani, kama si kwa jamaa. Kumbukeni kwamba stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ile ya Mombasa iko Miritini, nje ya mji. Kila upande kuna nauli ya kuongeza. Kila mmoja abebe kitambulisho chake. Fikeni saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa, na kisu cha kumenyea matunda mkiache nyumbani. Tiketi nunueni wenyewe kwa simu au stesheni, au mtoto wenu awanunulie. Msimpe pesa mtu wa njiani anayesema anajua mkubwa fulani.

Mkifika, vitu vizuri si lazima viwe ghali. Kuvuka na feri ya Likoni kwa miguu ni bure. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina kiingilio lakini inafaa kuonwa. Nendeni asubuhi, maana ndani kuna ngazi na jua ni kali.

KWENDA LINI?

Shule zikifungwa Agosti, kila mtu anaelekea pwani, tiketi zinakwisha na vyumba vinapanda bei. Lakini mstaafu hafungwi na kalenda ya shule. Utajiri wake ni siku. Anaweza kuondoka Jumanne ya katikati ya Julai, au mwezi wa Septemba watoto wakisharudi darasani.

Hali ya hewa pia inamsaidia. Aprili na Mei pwani kuna mvua kubwa. Januari mpaka Machi joto ni jingi mno kwa mzee. Julai na Agosti Nairobi iko na baridi ya kuuma magoti, na Mombasa ina joto la wastani kwa sababu ya upepo wa kusi. Ila kusi huleta mawimbi na mwani ufuoni. Mnaenda kukaa kivulini na kulowesha miguu, si kuogelea mbali.

MWILI NA DAWA

Hapa ndipo safari nyingi za wazee huharibika. Tunaomba msome polepole.

1. Wiki mbili kabla ya safari nendeni kliniki. Mwambieni muuguzi mnakwenda mahali pa joto. Baadhi ya dawa za presha humtoa mtu maji mwilini, na kwenye joto anaweza kupatwa na kizunguzungu. Msiache wala kupunguza dawa wenyewe. Ulizeni.

2. Bebeni dawa za siku zote za safari na za siku tano zaidi. Ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililo juu au nyuma ya gari. Bebeni pia kitabu cha kliniki.

3. Mwenye sukari asikose saa yake ya kula kwa sababu gari limechelewa. Awe na ndizi au mkate mkobani. Insulini isiwekwe juani wala isigandishwe.

4. Safari ya saa tano au sita ukiwa umekaa huvimbisha miguu, na damu inaweza kuganda. Inukeni kila saa moja mtembee kidogo. Ile nusu saa ya kila asubuhi nyumbani ndiyo iliyowaandalia magoti.

5. Pwani kuna malaria kuliko Nairobi. Laleni ndani ya neti. Mkipata homa huko, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, nendeni mpimwe siku hiyo hiyo, na mwambie daktari mlikuwa pwani. Msiseme ni uchovu wa safari.

6. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF. Kadi ya zamani haitoshi. Hakikisheni wote wawili mmeandikishwa na malipo yenu yako sawa kabla ya kufunga mlango.

NANI ANAAMUA?

Mwanamume akistaafu, mkewe hajastaafu. Jiko liko pale pale. Tena sasa kuna mtu nyumbani mchana kutwa anayeuliza sukari imeisha kwa nini. Mama mmoja akamwambia mumewe kwa upole, "Mzee, hii nyumba nimeiendesha miaka yote hiyo, leo ndiyo umeanza kuhesabu vijiko?" Ndiyo sababu wiki iwe na Alhamisi ya kila mtu na saa zake, na Ijumaa ya daftari moja kwa wote wawili.

Safari nayo iamuliwe hivyo hivyo. Kama mnakwenda kwa jamaa na mama ndiye atakayepika na kuosha vyombo vya nyumba nzima, yeye hajapumzika, amebadilisha jiko tu. Na kama watoto watawaambia, "Kwa kuwa mnaenda, chukueni na wajukuu," jueni hiyo ni safari nyingine. Ni nzuri, lakini ni ya kulea. Mnaweza kukubali mwaka huu na kukataa mwaka ujao. Kukataa si kukosa upendo.

ASIYE NA MIA TANO

Wapo wazee wenye miaka 70 na zaidi wanaotegemea zile Sh 2,000 za mwezi za Inua Jamii. Kwao Mombasa iko mbali. Lakini safari ni kutoka pamoja, si umbali. Jijini Nairobi kuna ile bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kutoa kuni za gari la moshi. Matatu ya saa nne, chupa ya chai, viazi vitamu ndani ya kitambaa, na kurudi kabla ya saa tisa. Hiyo nayo ni safari, na Ijumaa itaandikwa kwenye daftari.

Kabla ya safari yoyote ya kulala nje, mwambieni jirani mmoja mnayemwamini, fungeni gesi na mfereji, na mwachie mtoto mmoja namba ya mahali mtakapokuwa.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika kikundi:

1. Ni lini mlisafiri pamoja bila matanga wala sherehe ya watu wengine?
2. Katika wiki yenu, ni siku gani hupita bure? Mngeifanyia nini?
3. Kila mmoja aandike kando mahali anapotaka kwenda, kisha msomeane. Je, mlikuwa mnajua?
4. Ijumaa hii mtaanza na shilingi ngapi?