Kisiwa na Wageni Wake (2): Bahari Inapokwenda Zake Asubuhi

Malalamiko ya wageni wa pwani ya mashariki ya Unguja hufanana, awe mlalamikaji ni Mtaliano, Mpolandi au Mtanzania wa Arusha. Mtu amelipa nauli ya ndege, amelala Paje au Jambiani, ameamka, amekunywa chai na kula embe lake, kisha mnamo saa nne anashuka ufukweni na taulo begani na kukuta bahari haipo. Mbele yake umetanda uwanda wa mchanga na majani ya bahari, vidimbwi hapa na pale, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia mwambani. Wapo wanaokwenda mapokezi kuuliza maji yatarudishwa lini, kana kwamba kuna mtu aliyefunga bomba.

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia pepo: kaskazi inayotupulizia kuanzia Disemba na kusi inayotawala katikati ya mwaka. Leo ni zamu ya maji. Nitasema mapema ninaloliamini, ili asiyekubaliana nami ajiandae: mapumziko ya mgeni hapa visiwani yanaendeshwa na mwezi kuliko yanavyoendeshwa na hoteli, na manung'uniko mengi ya ufukweni yangekwisha kama aliyeuza safari angelisema hivyo tangu mwanzo.

Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kati ya leo na kesho. Baina ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, maji nayo huchelewa kiasi hicho hicho. Hayo mtoto wa Bwejuu anayajua kabla hajaanza shule. Lisilofahamika sana, hata kwa ndugu zetu wa bara, ni ukubwa wa mwendo wenyewe. Jua na mwezi vikivuta kwa pamoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, na tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi kule, yakaja maji mafu, ambayo hupanda na kushuka mita moja au zaidi kidogo.

Mita 4 ni nyingi. Mauritius, kisiwa cha Bahari ya Hindi hii hii, hupata kama nusu mita tu. Bahari ya Mediterania, ambako Wazungu wengi walijifunzia kuogelea, karibu haina kujaa wala kupwa kwa kuonekana, na visiwa vingi vya Karibi ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mtu aliyezunguka fukwe za nusu ya dunia anaweza kufika Jambiani na kushtuka kama mgeni wa siku ya kwanza. Uzoefu wake wote ameupata mahali ambapo bahari hukaa pale pale ilipoachwa jana.

Sasa kuna jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha watalii, nalo ndilo kiini cha kadhia nzima. Siku za bamvua maji hayapwi saa yoyote yanayotaka. Katika pwani ya Unguja yana desturi ya kuwa makavu kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha yakajaa hadi kwenye mizizi ya minazi mnamo saa kumi alasiri au baada yake kidogo. Mwezi huu hivyo, mwezi ujao hivyo. Kwa maneno mengine, katika siku zile ambazo bahari inakwenda mbali zaidi, inaondoka saa ile ile ambayo mgeni amemaliza kifungua kinywa. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kwa kiasi katikati ya asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Anayetaka kuogelea asubuhi basi na aje mwezi ukiwa nusu. Anayetaka kutembea hadi karibu na mwamba, kuona nyota za bahari na majongoo, na kuoga jioni maji yakiwa ya vuguvugu baada ya kupita juu ya mchanga uliopigwa na jua mchana kutwa, aje mwezi mpevu. Mzee wa pwani wala hahitaji jedwali. Akijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, anajua maji yako wapi: mwanzoni mwa mwezi ni bamvua, katikati ni bamvua, na katikati ya bamvua mbili ni mafu.

Kaskazini ya kisiwa, Nungwi na Kendwa, habari ni nyingine. Huko sakafu ya bahari inateremka upesi, hakuna uwanda mpana mbele ya ufukwe, na mtu huoga karibu saa zote. Mawakala wengi huishia kuwaambia wateja wao waende kaskazini, wakidhani wamemaliza tatizo. Wamemkosesha mteja kitu, kwa maoni yangu, kwa sababu uwanda ule wa mashariki unaoonekana mtupu ndio sehemu yenye shughuli kuliko zote kisiwani.

Bamvua ikipwa, wanawake huteremka. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza mwaka 1989 huko huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya wataalamu kama Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhubiri kwa miaka mingi kwamba mwani ni mali. Mtazame mmoja wao akiwa kazini. Ameketi ndani ya maji ya kiunoni, rundo la mwani mapajani, kamba ndefu imepita mbele yake. Anavunja kitawi cha ukubwa wa kiganja, anakizungushia uzi mwembamba ambao wenyewe wanauita taitai, anafunga. Fundo likikaza sana litakata tawi. Likilegea wimbi litaondoka nalo. Anasogea kidogo, anafunga kingine. Kamba ikishajaa huvutwa kati ya vigingi viwili vilivyopigwa mchangani, na mwenyewe huhamia nyingine, jicho moja likiwa baharini, kwani saa zake za kazi zimehesabiwa na maji. Baada ya wiki sita hivi atavuna, ataanika na kutia kwenye gunia.

Kinachopatikana humo ni karajini, utelezi unaoshikisha aiskrimu na dawa ya meno. Huenda mgeni aliyelalamika kwamba vigingi vinamharibia picha alipiga mswaki asubuhi ile ile kwa zao la vigingi hivyo. Na kilo moja ya mwani mkavu wa aina ya spinosamu, ambao ndio unaolimwa zaidi, haifikii bei ya soda moja kwenye baa ya hoteli iliyo hatua chache kutoka hapo. Aina nyingine, kotoni, ina bei nzuri zaidi, lakini haivumilii joto: maji ya kina kifupi yakipata moto hugeuka mweupe na kukatika. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Baharini hapa Zanzibar, amefanya kazi ya miaka mingi kujaribu kuupeleka kwenye maji ya kina kirefu, kwa nyavu zilizoshonwa kama mirija. Kikwazo ni kwamba huko kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wa wakulima hawa hawakufundishwa kuogelea utotoni ingawa wameishi na bahari maisha yao yote.

Katika uwanda huo huo, mbele kidogo, wapo wanaotafuta pweza kwa kijiti, wakichungulia tundu moja baada ya jingine. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba siku hizi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha hufungua kwa siku maalumu, na watu wakamiminika. Mgeni anayekuta mwamba umefungwa asidhani ni uchoyo. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu. Miezi mitatu ya kumwacha hugeuza kilo moja kuwa kadhaa.

Kwa hiyo pale pale mgeni anapolala chali ni shambani kwa mtu mwingine, na wote wawili wanatumia saa zilezile za asubuhi. Kwa kawaida wanapishana kwa salamu. Inapokuwa vibaya, mwenye simu humpiga picha mwanamke aliyeinama bila hata kumwamkia, au wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa hupita juu ya kamba za mwani na kuzikata. Paje ina upepo mzuri wa tiara wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, jambo lililoleta fedha nyingi na ugomvi kiasi. Sioni sababu ya mmoja kumfukuza mwenzake. Bamvua ikipwa, tiara halina maji ya kutosha hapo shambani hata hivyo. Ni wakati maji yanapojaa ndipo mipaka inapopotea, na maboya machache yangetosha kuionyesha.

Kuna hatari moja ambayo haina mzaha. Wageni hupenda kutembea hadi mwambani, na kurudi huwa ndiko kunakosumbua. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanaingia taratibu, mtu asione kitu. Saa ya tatu na ya nne ndizo za kasi, na ndani ya saa hizo mbili peke yake hupanda nusu ya mwendo wote, yaani karibu mita 2 siku za bamvua. Tena hayaji kwa mbele tu. Uwanda una mabonde, na mengine yako nyuma ya mtembezi, baina yake na nchi kavu, na hayo ndiyo yanayojaa kwanza. Kanuni ya wenyeji ni nyepesi: ukiona wanawake wanafungasha, geuka nawe. Vaa viatu pia, kwa sababu kwenye mawe wapo wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, na ukichomwa utapakwa utomvu wa papai bichi na kupewa pole, lakini siku yako imeshaharibika.

Mchanga wenyewe unastahili neno. Weupe wake unatoka kwenye chokaa ya matumbawe, magamba na miani migumu, na sehemu yake imepita tumboni mwa samaki: pono hutafuna tumbawe kwa meno yake ya mdomo wa kasuku, hula kilichomo na kutoa unga. Mchanga wa namna hiyo hurudisha mwanga, ndiyo maana hauunguzi nyayo sana hata saa saba. Na ndio unaoyapa maji ya kina kifupi ile rangi ya feruzi inayouza tiketi. Lakini mwanga unaorudishwa humpata aliyelala pia, kutoka chini. Tuko kama nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua linapita utosini kabisa. Upepo wa kusi unampoza mgeni, hasikii kuungua, na jioni anakuwa mwekundu asiyeweza kuvaa shati. Watu wa mjini Unguja wakija pwani kupunga upepo huja baada ya alasiri na kukaa chini ya mivinje. Ni mazoea yaliyojibu swali hili zamani.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Hoteli zimejaa kuanzia Kiwengwa hadi Makunduchi, na karibu kila moja hubandika saa za kifungua kinywa, namba ya intaneti na bei ya kusingwa. Jedwali la maji ni karatasi moja, hupatikana bila taabu, na lingemwambia mgeni saa ya kuoga, saa ya kutembea na saa ya kuwakuta watu kazini. Nimeliona limebandikwa katika nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na wanakijiji. Katika majumba makubwa mara nyingi nimelikosa, na kwa baadhi yao picha za matangazo zote zimepigwa alasiri ya bamvua, maji yakiwa yamegusa ngazi. Huo si uongo kamili. Ni saa mbili za siku zilizouzwa kama siku nzima.

Sehemu ya tatu itahama pwani na kuingia nchi kavu, kwenye visima: namna maji matamu yanavyoelea juu ya maji ya chumvi ndani ya jiwe la matumbawe, na kinachotokea pampu ya hoteli inapovuta kuliko mvua inavyojaza.