Cheti feki kwenye maombi ya pasipoti: Nani anathibitisha ulijua?

Tuseme kijana wa Kihonda, Morogoro, anatafuta pasipoti. Kishoka anamwambia: "Leta hela, cheti cha kuzaliwa niachie mimi." Maombi yanafika Uhamiaji, cheti kinagundulika ni feki. Je, kijana ana hatia moja kwa moja?

Hapana. Kesi ya jinai lazima ithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi, na kazi hiyo ni ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kuwa hana kosa. Shaka ya maana ikibaki, anaachiwa.

Mambo matatu yanatakiwa kuthibitishwa:

1. Cheti ni cha kughushi. Hapa anaitwa ofisa wa RITA kueleza kama namba yake ipo kwenye kumbukumbu, na ni ya nani.

2. Mshtakiwa ndiye aliyekiwasilisha. Zinaangaliwa fomu, picha na saini. Mtaalamu wa maandishi anaweza kutoa maoni, ila hayamfungi hakimu.

3. Alijua ni feki na alikusudia kudanganya. Hapa ndipo penye ugumu. Kwa Kanuni ya Adhabu, kuwasilisha nyaraka ya uongo ni kosa pale unapofanya hivyo ukijua na kwa nia ya ulaghai.

Sasa, "kujua" kunaonekanaje? Hakimu haingii kichwani mwa mtu, anapima mazingira. Kama kijana alikubali jina la baba asiye wake, au mahali pa kuzaliwa asipopajua, kisha akasaini, "sikujua" itamshinda kueleza. Lakini kama taarifa zote ni zake za kweli, na alilipa akiamini ni ada halali, shaka inaweza kumwokoa.

Msingi huu tunachangia na India. Sheria yao ya Ushahidi ya 1872 ilitumika Tanganyika enzi za Waingereza, hadi tulipotunga yetu mwaka 1967.

Ufanye nini? Cheti fuatilia mwenyewe RITA. Fomu isome yote kabla ya kusaini, hata kama umejaziwa na mtu, kwa sababu saini ni yako. Na kama tayari umetapeliwa, usifute meseji wala miamala ya simu. Huenda ndiyo ushahidi pekee kwamba hukujua.