Bustani ya Uhuru: Nyasi Zilizopiganiwa

Mwenzetu mmoja hapa chamani aliniuliza kwa nini Nairobi iache nyasi tupu katikati ya jiji ilhali watu hawana nyumba. Nimeona heri nimjibu kwa kalamu, maana swali lenyewe halikuanza leo.

Bustani ya Uhuru, au Uhuru Park kama tulivyozoea kuiita, iko kando ya barabara kuu ya Uhuru. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua rasmi tarehe 23 Mei, 1969. Si kubwa ajabu, ni hekta 13 hivi. Ina ziwa la kuchimbwa, jukwaa la mikutano, na mteremko wa nyasi ambao ukijilaza juu yake unaliona jiji mbele yako. Mwaka wa 2021 ilifungwa ikarabatiwe, na ndipo wengi walipojua walikuwa na nini.

Basi, mwaka wa 1989 wakubwa walipanga kujenga humo jumba la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala, KANU, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai akakataa katakata. Aliandika barua baada ya barua, kwa serikali na kwa mabalozi. Bungeni akatukanwa, na wenzake wa Green Belt Movement wakaitwa kundi la wanawake waliotalikiwa. Jamani, talaka na nyasi zinahusiana vipi? Mimi nionavyo, tajiri ana bustani nyumbani kwake. Mama anayeishi chumba kimoja atawapeleka wapi watoto Jumapili? Mwaka wa 1990 wenye pesa walijitoa, jumba likafa.

Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona moja ya bustani hiyo, Wangari akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani, na hiyo si laana ya mchezo! Wakakimbilia kanisa la All Saints lililo karibu. Kufikia mapema 1993, karibu wana wao wote walikuwa huru. Kona hiyo ndiyo Freedom Corner.

Katiba mpya nayo ilizinduliwa bustanini humo tarehe 27 Agosti, 2010. Mwaka uliofuata, Oktoba 8, Wangari aliagwa papo hapo. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, hivyo jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.