Una kompyuta kuukuu ya Windows XP? Bado utaandika C

Umejiunga na chuo mjini Kisii, muhula umeanza na lugha ya C, na kompyuta uliyo nayo ni ile aliyokuachia binamu yako kule Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Inawaka na Windows XP. Unapakua programu mpya ya C, unaibofya, kidirisha kinakwambia hiyo si programu halali ya Win32. Fundi anataka hela aweke Windows mpya. Subiri kwanza.

Mashine haijaharibika. C ilitungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwaka wa 1972, kwenye mitambo dhaifu mno kuliko simu iliyo mfukoni mwako. Shida ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kuendesha. Nyingi za leo zimeundiwa Windows za leo, nayo Microsoft iliacha kuitunza XP Aprili 2014. Wewe tafuta toleo la zamani.

Anza na Tiny C, kazi ya Mfaransa Fabrice Bellard. Toleo 0.9.27 la mwaka wa 2017, faili la win32, halifiki hata MB 1, kwa hivyo bando si kisingizio. Lipakue kwa simu, maana brauza za XP hazifungui tovuti nyingi siku hizi, kisha ulihamishe kwa waya wa USB. Fungua zipu, weka folda iwe C:\tcc.

Msimbo andika kwa Notepad. Hapa ndipo wengi huangukia: Notepad huongeza .txt kimyakimya. Unapohifadhi, chagua "All Files", uite faili salamu.c, uliweke ndani ya folda hiyo. Kisha nenda Start, Run, andika cmd. Andika cd \tcc, halafu tcc salamu.c. Ikikaa kimya, umefaulu, hakuna makosa. Andika salamu, programu yako itaanza.

Ukipenda menyu na vitufe, kuna Dev-C++ 4.9.9.2 ya 2005, inayokuja na kompaila ya GCC. Chukua faili linalokuja pamoja na Mingw, la sivyo utapata ganda tupu.

Rafiki atakuletea Turbo C ya Borland kwa flashi. Itafanya kazi, lakini mimi singeichukua. Inakuzoesha clrscr() na conio.h, vitu visivyo vya C sanifu, na siku utakayopeleka kazi yako kwenye maabara ya Linux itakataliwa, ubaki kushangaa.

Lingine: XP hiyo usiiunganishe na intaneti. Usifungulie humo eCitizen wala akaunti ya HELB. Na flashi iliyochomekwa saiba, iogope.

Mvua ya alasiri ikianza kunguruma upande wa Nyamira, bonyeza Ctrl na S kabla stima haijapotea.